Mwongozo kamili: jinsi ya kupima programu za kuunda mhusika wa Dungeons & Dragons kabla hujaiamini hata moja

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya nguvu 19. Mchezo wenyewe ni wa mezani: kila mchezaji anaigiza mhusika mmoja, na uwezo wa mhusika huyo umeandikwa kwa namba.

Mchezaji mgeni anafika mezani, anafungua simu, anasoma karatasi ya mhusika wake wa ngazi ya 1, na kwenye nguvu pameandikwa 19. Hajadanganya. Programu imemchanganyia kanuni za 2014 na za 2024, matoleo mawili ya mchezo huohuo, ikampa nyongeza mara mbili, naye hakuwa na cha kulinganishia. Siku nyingine ni pointi za uhai zilizopungua tatu. Siku nyingine mhusika hafunguki kabisa kwa sababu bando limekata na kumbe anakaa kwenye intaneti tu.

Kila ninapoulizwa "programu gani ni nzuri?" huwa nauliza kwanza: umempitisha nani humo? Muuza mchele ana kibaba chake, hakisii kwa macho. Nawe unahitaji kibaba: mhusika mmoja uliyemhesabu mwenyewe kwa penseli, ambaye majibu yake yote unayajua. Huyo ndiye utakayemwingiza katika kila programu. Wangu nimempa jina hilohilo, Kibaba.

## Mahitaji

- Daftari na penseli.
- Hati ya SRD 5.2 ya mwaka 2025, kwa PDF. Ni kanuni za msingi za toleo la 2024, zimetolewa bure chini ya leseni ya Creative Commons. Ina fani 12 (kazi ya mhusika), jamii 9 (aina ya kiumbe) na usuli 4 (maisha yake ya awali). Ni ya Kiingereza, lakini unazohitaji hapa ni namba.
- Simu au kompyuta ileile utakayochezea. Usifanye majaribio kwenye kompyuta ya ofisini halafu ukacheze na simu yenye kioo kilichopasuka.
- Anwani ya barua pepe ya kufungulia akaunti.
- Jioni moja.

Kadi ya malipo iache ilipo mpaka hatua ya 8. Nasema hivi kwa uzito. Wengi huanza kwa kulipa, kisha huona aibu kukiri kwamba walichonunua hakiwafai.

Kuhusu maneno: skrini zote hizi ni za Kiingereza, kwa hiyo jina la kitufe nitaliandika kama utakavyolikuta. Fighter ni mpiganaji, Soldier ni askari, Armor Class ni kinga, Hit Points ni pointi za uhai. Dwarf nimemwacha Dwarf. Neno "mbilikimo" lina mizigo yake, na mezani hakuna anayelitumia.

## Hatua ya 1: Muulize mwendesha mchezo maswali matatu

Tunatumia kanuni za 2014 au za 2024? Vitabu gani vinaruhusiwa? Tunacheza ana kwa ana au kwenye meza ya mtandaoni, na kama ni mtandaoni, ipi?

Sababu ni kwamba programu isiyojua kanuni zenu ni bure hata ikiwa na picha nzuri kiasi gani. Na kama kundi linacheza Roll20, mojawapo ya meza hizo za mtandaoni, mhusika aliye mahali pengine atahitaji kuhamishwa kwa mkono, namba moja moja.

Tahadhari: akikujibu "vyovyote tu", usikubali. Jibu hilo ndilo linalozaa nguvu 19. Mbane ataje mwaka.

Umefaulu ukiwa na majibu matatu juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Kuanzia hapa nachukulia kwamba mmechagua 2024.

## Hatua ya 2: Mhesabu Kibaba kwa mkono

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wote, na ndiyo yenye kazi. Ipe nusu saa.

Kibaba ni Dwarf, mpiganaji, usuli wake askari. Nimemchagua kwa makusudi. Vyote vitatu vimo ndani ya SRD, kwa hiyo hakuna programu ya toleo la 2024 yenye sababu ya kukudai hela ili umuunde. Ikidai, umeshajifunza jambo bila kulipa.

Uwezo sita. Chukua namba za kawaida, yaani 15, 14, 13, 12, 10 na 8, uzigawe hivi: nguvu (Strength) 15, wepesi (Dexterity) 13, ustahimilivu (Constitution) 14, akili (Intelligence) 8, hekima (Wisdom) 12, haiba (Charisma) 10.

Katika kanuni za 2024, nyongeza za uwezo zinatoka kwenye usuli. Jamii haitoi kitu. Askari anaruhusiwa kuongeza nguvu, wepesi au ustahimilivu. Tia 2 kwenye nguvu na 1 kwenye ustahimilivu. Sasa nguvu ni 17 na ustahimilivu ni 15.

Nyongeza ya kila uwezo. Toa 10, gawa kwa 2, shusha chini. Nguvu 17 inakupa +3. Ustahimilivu 15 unakupa +2, maana mbili na nusu inashushwa. Wepesi +1, hekima +1, haiba 0, akili −1. Namba witiri nimezipanga makusudi: programu inayokosea kushusha itajifichua hapahapa.

Pointi za uhai. Mpiganaji anaanza na 10. Jumlisha 2 za ustahimilivu. Dwarf ana ugumu wa kuzaliwa unaompa 1 kwa kila ngazi. Jumla 13.

Kinga. Mvalishe deraya ya minyororo, Chain Mail, yenye kinga 16 isiyoongezwa wepesi. Mtindo wake wa kupigana uwe Defense, unaoongeza 1 akiwa amevaa deraya. Jumla 17. Ngao hana.

Shambulio. Mpe upanga mkubwa, Greatsword. Nyongeza ya umahiri katika ngazi ya 1 ni +2. Ukijumlisha 3 za nguvu unapata +5 ya kupiga. Madhara ni kete 2 za pande 6, kuongeza 3. Akikosa bado anaacha madhara 3, kwa sababu ubingwa wa silaha hiyo ni Graze.

Stadi. Askari anampa Athletics na Intimidation. Kwa fani yake mchagulie Perception na Survival. Majibu: Athletics +5, Intimidation +2, Perception +3, Survival +3. Uangalifu wake wa kudumu, Passive Perception, ni 13.

Mengineyo. Kete za kujinusuru: nguvu +5, ustahimilivu +4. Mwendo futi 30. Second Wind, yaani kujirudishia pointi za uhai, mara 2. Ubingwa wa silaha: silaha 3.

Andika majibu haya safu moja upande wa kushoto wa ukurasa, na kulia acha safu tupu tatu. Hilo ndilo jedwali lako lote. Nimeona watu wakitengeneza majedwali ya rangi kumi na mbili yenye "urahisi wa kutumia: 7/10". Saba ya nani?

Umefaulu ukiweza kumweleza mtu mwingine 13 ya pointi za uhai imetoka wapi, bila kufungua kitabu.

## Hatua ya 3: Chagua programu tatu za kupima

Tatu zinatosha. Ukizidisha utachoka, na aliyechoka huchagua yenye rangi nzuri.

D&D Beyond ndiyo ya wenye mchezo wenyewe; Wizards of the Coast wako chini ya Hasbro, na Hasbro waliinunua mwaka 2022. Inafanya kazi kwenye kivinjari na ina programu ya simu. Akaunti ya bure inabeba wahusika 6. Nguvu yake ni kumwongoza mgeni hatua kwa hatua. Udhaifu wake ni kwamba inaweza kukuonyesha maudhui ya 2014 na ya 2024 kwenye orodha moja. Ya zamani yamebandikwa neno Legacy, lakini kwenye kioo kidogo neno hilo hupitwa kirahisi.

Roll20 ni meza ya mtandaoni kwanza, kisha mahali pa kuundia mhusika. Ina kiongozi chake cha kukusaidia kumuunda. Kama kundi lenu linacheza humo, ipime kabla ya nyingine yoyote, kwa sababu mhusika aliyezaliwa humo hahitaji kuhamishwa.

Foundry nayo ni meza ya mtandaoni. Leseni yake hulipiwa mara moja, na anayelipa ni mwenye kuendesha mchezo tu. Wachezaji wanaingia kwa kivinjari bila kulipa. Usiihesabu kama chaguo lako binafsi. Ni chaguo la mwendesha mchezo.

Halafu kuna za pembeni. Fifth Edition Character Sheet ni programu nyepesi ya simu, inayokuacha ujaze mambo mengi mwenyewe. Karatasi ya MorePurpleMoreBetter ni PDF inayojihesabia, lakini hesabu hizo zinaendeshwa na msimbo unaohitaji Adobe Acrobat kwenye kompyuta. Ukiifungua kwa simu utapata karatasi bubu. Aurora ni ya Windows na ilijengwa kwa kanuni za 2014. PCGen ni ya bure na haihitaji intaneti, ila kwao ni Dungeons & Dragons 3.5 na Pathfinder ya kwanza, mchezo mwingine wa aina hiyohiyo. Mtu akikusifia PCGen, muulize anacheza toleo lipi.

Tahadhari: ukikuta programu inayotoa vitabu vyote vya kulipia bure, iache. Siku inafungwa, mhusika wako anazikwa nayo.

## Hatua ya 4: Muingize Kibaba, kisha soma makosa yanavyosema

Kabla ya kugusa jamii au fani, tafuta mahali pa kuchagua vyanzo au toleo la kanuni. Zima kila kitu cha 2014. Kisha muunde Kibaba kwa maamuzi yaleyale uliyoyaandika, ujaze safu ya kwanza tupu.

Namba zikilingana zote, vizuri. Zisipolingana usifute upesi. Kila kosa lina saini yake:

- Mwendo futi 25. Umechukua Dwarf wa 2014. Wa 2024 ana futi 30. Mimi huanza na namba hii, maana inaonekana haraka kuliko zote.
- Nguvu 19, ustahimilivu 17. Umemchukua Dwarf wa milimani wa 2014, anayeongeza 2 na 2, ukamwongezea na askari wa 2024. Kanuni za 2024 zinasema wazi kwamba jamii ya kitabu cha zamani ikitumika, nyongeza zake za uwezo zinaachwa. Kuna programu zinazokuruhusu kuchanganya bila kukuonya.
- Pointi za uhai 14. Huyu mara nyingi ni Dwarf wa vilimani wa 2014, ustahimilivu ukiwa umepanda hadi kwenye +3.
- Pointi za uhai 12. Ugumu wa Dwarf haukuhesabiwa. Programu imeuandika kama maelezo bila kuujumlisha.
- Kinga 18. Wepesi umejumlishwa juu ya deraya nzito. Hili ni kosa la programu, na halisameheki.
- Kinga 16. Ama hujachagua mtindo wa kupigana, ama umechagua na programu haijauhesabu. Rudi ukaangalie ni lipi kati ya hayo.
- Kinga 11. Deraya imo mfukoni, hajavaa. Tafuta kitufe cha Equip. Wageni wengi wanafia hapa, na si programu iliyokosea.
- Second Wind mara 1, hakuna ubingwa wa silaha. Mpiganaji wa 2014.

Tofautisha aina mbili za kosa: uliloweza kulifanya wewe kwa sababu programu haikukuzuia, na lile la programu yenyewe kushindwa kujumlisha. La kwanza unaweza kuishi nalo ukishalijua. La pili likitokea hata mara moja, futa programu hiyo kwenye orodha. Iliyokosea kujumlisha 10 na 2 na 1 haitapatia mchawi wa ngazi ya 9.

Angalia na hili: je, programu inakuonyesha namba *imetoka wapi*? Bonyeza ile 17 ya kinga. Nzuri itakwambia 16 za deraya na 1 ya mtindo. Inayokupa 17 peke yake inakutaka uiamini tu, na mwendesha mchezo akiuliza utakosa jibu.

## Hatua ya 5: Mpandishe hadi ngazi ya 5

Programu nyingi humhesabu sawasawa mhusika mchanga. Zinaanza kuyumba anapokua, na ndiyo maana malalamiko mengi huja miezi miwili baada ya mtu kuanza kampeni.

Kwanza hesabu kwa mkono tena. Ngazi ya 3 Kibaba anakuwa Champion, tawi mojawapo la mpiganaji. Ngazi ya 4 anapata kipaji: chagua Ability Score Improvement, ongeza 1 kwenye nguvu na 1 kwenye ustahimilivu. Nguvu 18, yaani +4. Ustahimilivu 16, yaani +3. Ngazi ya 5 umahiri unapanda kuwa +3, na sasa anashambulia mara mbili.

Pointi za uhai, kwa namba maalumu bila kurusha kete: 10 za mwanzo, 6 kwa kila moja ya ngazi nne zinazofuata, hizo 34. Ustahimilivu 3 mara 5, hizo 15. Ugumu wa Dwarf, 5. Jumla 54.

Hapa pana mtego. Ustahimilivu ukipanda, nyongeza yake inarudi nyuma hadi ngazi ya kwanza. Programu isiyojua hilo inaongeza 3 kuanzia ngazi ya 4 tu na itakupa 51. Pointi tatu zinaonekana ndogo mpaka siku Kibaba anaanguka akiwa na sifuri, na wenzake wanamaliza zamu mbili wakimwinua.

Namba nyingine za ngazi ya 5: shambulio +7, madhara kete 2 za pande 6 kuongeza 4, Athletics +7, Perception +4, kujinusuru kwa nguvu +7 na kwa ustahimilivu +6. Second Wind mara 3, ubingwa wa silaha 4. Kinga ibaki 17.

Ukimaliza, mshushe arudi ngazi ya 3. Kuna programu zinazokubali kirahisi na kuna zinazokulazimu kuanza upya. Utaihitaji njia hii, kwa sababu kuna siku utabonyeza "panda ngazi" kwa bahati mbaya ukiwa kwenye daladala.

Umefaulu ukipata 54 ukipanda, na 31 baada ya kushuka. Ukishuka ukabaki na ustahimilivu 16, programu imeacha mabaki, na huo ni uchafu utakaokufuata.

## Hatua ya 6: Jaribio la uchawi, kwa wenye mpango wa kuchanganya fani

Kama unataka mpiganaji tu, ruka.

Unda mhusika wa pili, bila hata kumpa jina: kuhani (Cleric) ngazi 3, mchawi (Wizard) ngazi 2. Mpe hekima na akili zisizopungua 13, la sivyo kanuni hazimruhusu kuchanganya. Programu inayokuacha upite na akili 8 imeshajibu swali.

Nafasi zake za uchawi zinahesabiwa kwa jumla ya ngazi 5: nafasi 4 za ngazi ya 1, nafasi 3 za ngazi ya 2, nafasi 2 za ngazi ya 3. Lakini uchawi anaoweza kuuandaa unafuata kila fani peke yake, kwa hiyo kuhani wake anaishia uchawi wa ngazi ya 2 na mchawi wake ngazi ya 1. Anazo nafasi za ngazi ya 3 na hana uchawi wa ngazi ya 3 wa kuzijaza. Atazitumia kuukuza ule mdogo.

Programu nzuri inaonyesha hali hiyo ya ajabu kama ilivyo. Mbovu itaficha zile nafasi 2, au itamfungulia orodha ya uchawi wa ngazi ya 3 asioustahili. Kosa hili la pili ni baya zaidi, kwa sababu mchezaji hawezi kuligundua: nani analalamika akipewa zaidi?

## Hatua ya 7: Kata intaneti

Weka simu katika hali ya ndege. Funga programu kabisa, ifungue tena, mtafute Kibaba.

Je, anafunguka? Unaweza kumpunguzia pointi 7 za uhai? Ukiwasha intaneti tena, zile 7 zimebaki au amerudi mzima? Jaribu na kivinjari pia, maana programu ya simu na tovuti yake zinaweza kutofautiana.

Hili halitajwi kwenye mapitio mengi kwa kuwa wanaoyaandika hawajawahi kukatiwa umeme katikati ya pambano. Sisi tumewahi. Kwangu mimi, programu inayofeli hapa haijafukuzwa moja kwa moja, ila hatua ya 7 ikifeli, ifuatayo inakuwa ya lazima.

## Hatua ya 8: Mtoe Kibaba, ndipo uongelee hela

Tafuta njia ya kumtoa mhusika nje ya programu. PDF ni ya chini kabisa. Ifungue uikague: namba zote zimo, au kuna masanduku matupu? Maelezo marefu yamekatwa katikati? Kisha peleka steshenari wakuchapie, hata kurasa mbili. Karatasi zinazopendeza kwenye skrini kwa rangi nyeusi humaliza wino na kutoka kama usiku wa giza.

Kutoka kuna maana kubwa kuliko usafi wa daftari. Mwezi Agosti 2024 wenye D&D Beyond walitangaza kwamba uchawi na vifaa vya 2014 vingebadilishwa kwenye karatasi za watu kuwa vya 2024; wachezaji walipiga kelele na mpango ukarudishwa nyuma siku chache baadaye. Safari ile mambo yaliisha vizuri. Aliyekuwa na PDF yake hakuhitaji hata kusubiri tangazo.

Sasa hela. Andika mambo matatu.

Moja, unalipia nini hasa: nafasi zaidi za wahusika, au vitabu? Ni vitu viwili tofauti. Usajili wa mwezi wa D&D Beyond hauji na vitabu; daraja lake la chini linakuondolea ukomo wa wahusika 6, na daraja la juu linamruhusu mwenye vitabu kuwashirikisha wenzake wa kampeni. Kwa hiyo uliza kwanza kama mwendesha mchezo wenu analo hilo daraja la juu. Kama analo, wewe huna cha kulipa.

Mbili, je, kitabu utakachonunua kinahama? Kununua kitabu D&D Beyond hakukupi kitabu hicho Roll20. Nimewahi kununua kitabu kimoja mahali pawili kwa pupa, na sitataja ni kipi kwa kuwa bado kinaniuma.

Tatu, usajili unajirudia wenyewe. Siku unayojiunga, weka ukumbusho kwenye simu siku tatu kabla ya mwezi kuisha. Wanaolipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye M-Pesa wajaribu kwanza ununuzi mdogo wa mara moja waone kama unapita, kabla ya kujifunga kwa usajili.

## Hatua ya 9: Amua

Fungua daftari. Futa kwanza programu yoyote iliyokosea kujumlisha. Futa isiyojua kanuni za mwaka wenu. Kati ya zilizobaki, chukua ile ambayo kundi lenu tayari linaitumia, hata kama nyingine imeizidi kidogo. Mwendesha mchezo anayeweza kumwona mhusika wako bila kukuomba picha ya skrini ni faida kubwa kuliko kitufe kizuri.

Kama wewe ni mgeni kabisa na mnacheza ana kwa ana, ushauri wangu: D&D Beyond ya bure kwa kuunda, PDF iliyochapwa kwa kuchezea, penseli kwa pointi za uhai. Kama mnacheza Roll20 au Foundry, muunde humohumo, hata kama skrini itakusumbua wiki ya kwanza. Usifanye ule mchezo wa kuunda pale, kucheza hapa, na kupandisha ngazi kote kuwili. Mhusika mmoja anayekaa nyumba mbili hatimaye anakuwa wahusika wawili, na hujui yupi ndiye.

## Kama kundi lenu linacheza Pathfinder

Njia ni ileile, kibaba ni kingine. Kwa Pathfinder ya pili, Pathbuilder 2e ndiyo ya kuanza nayo: toleo lake la bure linatosha kabisa kwa mhusika wa kawaida, na kanuni zenyewe zinasomwa bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys.

Mhesabu Dwarf mpiganaji wa ngazi ya 1 mwenye nguvu +4 na ustahimilivu +3. Pointi za uhai ni 10 za jamii, 10 za fani na 3, jumla 23. Shambulio kwa silaha aliyoizoea ni +9: 4 za nguvu, 4 za utaalamu, 1 ya ngazi. Programu ikikupa +7 imemhesabu kama mwanafunzi wa silaha, wakati mpiganaji wa Pathfinder anaanza akiwa mtaalamu tayari.

Dalili ya toleo: kanuni zilizorekebishwa kuanzia Novemba 2023 zinaonyesha nyongeza peke yake. Ukiona "nguvu 18" na mahali pa kujaza mwelekeo wa maadili, uko kwenye kanuni za kabla ya hapo. Tafuta swichi.

## Usiku wa kabla ya mchezo

Chaji simu. Fungua mhusika ukiwa na intaneti ili taarifa zake zishuke. Toa PDF mpya kama umepanda ngazi tangu ile ya mwisho, na andika tarehe juu yake kwa kalamu, maana PDF tatu zenye jina moja zitakuchanganya.

Usisasishe programu usiku huo. Kama imejisasisha yenyewe, mfungue Kibaba wa ngazi ya 5 uangalie namba tatu tu: mwendo 30, kinga 17, uhai 54. Inachukua chini ya dakika moja.